Dishi, chuma cha Mukuku na mwezi wa Ramadhani: maswali yenu kuhusu hesabu za angani

Kila Machi na Septemba picha ya TV hukwama mchana jua likiwaka. Fundi anataka kubadilisha LNB, kile kipokezi kilicho mbele ya dishi. Nimkubalie? (Kayole)

Usitoe pesa bado. Setilaiti za TV hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta na huzunguka kwa saa 23 na dakika 56, sawa na dunia inavyojizungusha. Ndiyo maana dishi halina haja ya kuzifuata. Karibu na 21 Machi na 22 Septemba jua hupita nyuma ya setilaiti, na kelele zake za redio humeza mawimbi. Hapa Nairobi, dishi likiwa limeelekezwa kwenye setilaiti ya digrii 36 mashariki, hilo hutokea kati ya saa sita u nusu na saa saba kasorobo mchana, dakika chache tu, kwa siku kadhaa mfululizo. Picha ikikatika saa tatu asubuhi mwezi Juni, hapo mwite fundi.

Na akija, mtazame anavyopima. Setilaiti hiyo iko karibu utosini mwetu, kama digrii 88 kutoka upeo wa macho, kwa hiyo kuzungusha dishi kushoto na kulia hakubadilishi mengi. Kazi iko kwenye boliti za kuinua na kushusha. Dishi la sentimita 90 likikosea huko digrii 1, karibu nusu ya nguvu ya mawimbi imepotea. Asikisie kwa jicho, maana LNB haiko katikati na uso wa dishi huonekana umeinama kuliko linakolenga. Asome kipimo kilicho kwenye mkono wa dishi, baada ya kuhakikisha kwa timazi kwamba nguzo imesimama wima. Nguzo ikipinda, kipimo nacho kinadanganya.

Huko juu hakuna hewa ya kuburuza. Mbona setilaiti hizo huzeeka? (Rongai)

Mafuta. Mwezi na jua huzivuta nje ya ikweta kwa karibu digrii 0.8 kila mwaka, na kila mara injini ndogo lazima izirudishe. Tangi likikauka, kwisha.

Kupatwa kwa jua hutabiriwa miaka mia kabla. Mbona watu wa Mukuku, Makueni, hawakuonywa kuhusu ile pete ya chuma iliyoanguka kutoka angani 30 Desemba 2024? (Syokimau)

Pete ile ilikuwa na kipenyo cha kama mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500. Kupatwa hutegemea mwezi, nao haupiti hewani, lakini taka za angani kama hiyo zikishuka hukutana na hewa nyembamba ambayo huvimba na kunywea kadiri jua linavyochachamaa. Isitoshe, chuma chenyewe hubingirika, na hakuna ajuaye kimegeuza ubavu gani. Kwa kawaida utabiri hukosea hadi asilimia 20 ya muda uliobaki: zikibaki saa 5, kosa ni saa nzima. Kwa kasi ya kilomita 7.8 kwa sekunde, kosa la dakika moja tu ni karibu Nairobi hadi Mombasa. Ungemhamisha nani?

Kama hesabu zinajua mwezi ulipo, kwa nini tungoje kuutazama ndipo tuanze Ramadhani? (Eastleigh)

Hesabu hutaja saa ambayo mwezi na jua hukutana. Kuonekana ni jambo jingine. Mwezi ukiwa chini ya digrii 7 kutoka kwa jua, jicho haliuoni. Kwa kawaida huhitaji saa 15 hadi 20 au zaidi baada ya kukutana huko. Sisi wa karibu na ikweta tuna nafuu: njia yake husimama karibu wima, hilali hulala chali na hukawia kuzama. Kinachotushinda ni mawingu ya masika. Kutangaza ni kazi ya Kadhi Mkuu, si ya kikokotoo.

Kanuni za Newton za 1687 kuhusu mwendo na mvutano zimewahi kushindwa? (Ngara)

Kwanza zilishinda. Sayari ya Uranus ilikuwa inakengeuka njia iliyokokotolewa, Mfaransa Le Verrier akakokotoa mahali pa sayari iliyokuwa ikiivuta, na tarehe 23 Septemba 1846 mwanaastronomia Galle akaiona sayari hiyo, Neptune, kule Berlin, chini ya digrii 1 kutoka alipoambiwa. Le Verrier akajaribu mbinu ileile kwa sayari ya Utaridi (Mercury), ambayo nayo njia yake haikulingana na hesabu. Sayari aliyoitarajia haikuwepo. Pengo hilo kati ya hesabu na njia yake, sekunde 43 za digrii kwa karne, lilimngoja Einstein mwaka 1915. Nadharia yake sasa imo kwenye simu ya mwendesha boda: saa za setilaiti za GPS hutangulia zetu kwa mikrosekunde 38 (sehemu za milioni za sekunde) kwa siku, na bila kuzirekebisha, kosa la umbali lingeongezeka kwa kama kilomita 11 kila siku.