Barua kwa mwanangu: ungekuwa mimi, ungechukua ipi?

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi wazima. Mguu wa baba yako bado unamsumbua, lakini msikitini anajikongoja.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema huko Unguja umepata kazi mbili kwa mpigo: ya uhasibu, ya kudumu, na ya ile jumuiya ya mazingira, mkataba wa mwaka mmoja. Ukaniuliza: "Mama, wewe umeifanya kazi hii maisha yako yote. Ungekuwa mimi ungechukua ipi?"

Maisha yangu yote nimelima mwani, mwanangu. Hii nyengine ya mazingira nimeifanya maji yakishajaa. Mshahara wa kupanda mikoko nimeuonja miaka mitatu tu ya ule mradi, na ndiyo miaka uliyokuwa ukivaa viatu vipya vya skuli kila Januari. Mradi ulipokwisha walibeba kila kitu ofisini, hata feni. Mimi nikabaki na daftari langu.

Unalijua, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, nilikuwa naandika yamefika wapi. Kurasa za mwanzo yanaishia kwenye mnazi wa marehemu babu yako. Baadaye yanalamba tuta. Kisha yamo bondeni, mpunga unageuka manjano kuanzia nchani. Siku walipokuja wakubwa kutusikiliza, wazee walilalamika mpaka koo zikawakauka, wageni wakitikisa vichwa tu. Nilipofungua daftari nikasoma tarehe, mmoja akatoa kalamu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakwambia. Uliwahi kuuliza kwa nini jirani yetu wa bondeni hakuja kwenye harusi ya dada yako. Nilikuwa ndiyo kwanza nimechaguliwa katibu wa kamati ya shehia ya kulinda mikoko, kichwa kimenijaa. Nikamkuta kwenye mkandaa, ndani ya msitu wa mikoko, na panga, mzigo wa kuni umeshafungwa. Nikampeleka kwa sheha. Akatozwa faini, akauza mbuzi wake kulipa. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Haukupita mwezi, usiku nikaona dau linapakiwa boriti pwani, nzima nzima, za kujengea nyumba ya mtu. Hakuna aliyemwita mtu huyo kwa sheha, na mimi katibu sikufumbua mdomo.

Ilinichukua miaka miwili kwenda kumuomba jirani radhi. Alinisikiliza huku anachagua mchele, uso hakuinua. Akasema: "Ulizihesabu kuni zangu, hukuwahesabu watoto wangu." Haya maneno ya haki ya mazingira mnayosomeshwa huko chuoni, mimi nimeyasomea kwenye ungo ule. Mti nao una haki yake, sikatai, lakini kwanza uliza nani anakula na nani analipishwa.

Uliniletea khabari za Phyllis Omido, yule mama wa Mombasa, ukasema ndiyo maisha unayoyataka. Zisome tena pole pole. Aliajiriwa mwaka 2009 na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu pale Owino Uhuru, kazi yake kukaa baina ya kiwanda na majirani. Mtoto wake akaugua, damu ikapimwa, ikakutwa na sumu ya madini ya risasi. Kiwanda kilifungwa 2014. Yeye akapata Tuzo ya Goldman, ile ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, 2015, na picha unazoziona wewe ni za siku hiyo. Lakini wakaazi? Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikaja kuirudisha 2024. Toa wewe mhasibu: 2024 toa 2009. Miaka 15. Na mkataba wako ni wa mwaka mmoja.

Basi mimi ningechukua uhasibu.

Usininunie, ngoja nimalize. Ule mradi wetu ulitupandisha mikoko kwenye mchanga wa wazi, mahali panapopigwa na wimbi. Wazee walisema pale ni pa mlilana, mti mwengine wa pwani, mkoko hautashika. Kila mtu alijua. Lakini posho ilihesabiwa kwa miche, basi tukachomeka tu, asubuhi mpaka maji yakajaa. Kusi lilipoanza kuvuma haukusalia hata mmoja. Na mimi nilinyamaza, mwanangu, kwa sababu ya vile viatu vyako. Anayekula kwa mradi mdomo wake mzito. Nilikuwa na ulimi mwepesi zaidi nilipokuwa naishi kwa mwani, bei mbovu na yote.

Na hesabu za mradi zililetwa, zikabandikwa ukutani ofisini. Tulizitazama kama tunavyotazama kalenda ya mwaka jana. Kwenye kamati nzima hakuna aliyejua kuuliza mbona mafuta ya boti ni mengi kuliko miche. Mtu huyo ndiye tuliyemkosa. Wasemaji tunao, tena wengine hawanyamazi. Jumuiya hiyo ya Unguja ukiwaambia utawakagulia vitabu Jumamosi bila malipo, watakaokupokea kwa furaha wana kitu cha kukufunza, na watakaosita nao utakuwa umeshawajua.

Uisome na sheria ya mazingira ya Zanzibar ya 2015, hasa pale panaposemwa athari zitathminiwe kabla mtu hajajenga. Mimi nilisomewa vipande vipande kwenye semina, baada ya chakula, nusu ya watu wamelala.

Macho yangu gizani hayanisaidii tena. Daftari sasa yuko nalo jirani, ndiyo, huyo huyo. Yeye ndiye anayekwenda kwenye tuta kwa bamvua la alfajiri, mwandiko wake mkubwa, mistari miwili miwili. Anasema ukija na boti umletee tochi ya kichwa, ile ya kutia betri, maana ya kuchaji umeme ukikatika inakuwa pambo. Na mimi niletee kalamu mbili za wino mweusi. Za buluu zikirowa zinafutika.

Mama yako