Jibu: Nimhamishie mtoto shule ya serikali?
Mkuu, umeuliza kama ukimtoa binti yako wa darasa la tatu ingilishi midiamu na kumpeleka shule ya serikali hapo Buhongwa, Mwanza, utakuwa umemharibia. Hapana, ila usidhani ni bure kabisa. Ada ilishafutwa kitambo, lakini daftari, sare na hela ya uji bado ni zako.

Wangu wawili wako shule ya serikali, Igoma. Darasani kwa mdogo wanapita mia, dawati moja watoto wanne, wa pembeni anaandika goti moja likiwa nje. Mwalimu wao ni mzuri, tena sana, ila madaftari yote hayo atasahihisha saa ngapi? Jioni nakagua mwenyewe. Nikikuta kurasa tatu hazina tiki, tunarudia hesabu palepale jikoni, sato akiwa kwenye mafuta.

Kinachonisumbua ni Kiingereza. Msingi wanafundishwa kwa Kiswahili, wakifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka. Binti yako tayari ana mtaji, usiuache upotee. Mtafutie vitabu vya hadithi. Na kabla hujahamisha, pita pale shuleni saa nne asubuhi, Jumanne hivi, uhesabu madarasa yenye mwalimu ndani.