Mwanangu, sijachoka kupika

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Moshi. Sote wazima, na migomba imenawiri kwa mvua hizi.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, hivi kweli hujachoka kupika? Miaka yote hii, na siku hizi chakula unaagiza kinaletwa mpaka mlangoni." Nilikujibu harakaharaka kwa kuwa sufuria ilikuwa motoni. Leo nimekaa, nikujibu vizuri.

Yapo niliyoyachoka. Kusugua masizi nimechoka. Kupuliza kuni mbichi nilichoka hata kabla hujazaliwa, na siku gesi ilipoingia jikoni kwangu nilimshukuru Mungu. Lakini kupika kwenyewe hapana, kwa sababu kila siku chakula kinanitaka nikiangalie upya, na nikikiangalia kinanilipa siku hiyohiyo.

Chukua mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama. Mshare, ndizi yetu ya kupikia, iliyokatwa asubuhi kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, na ile iliyolala sokoni Mbuyuni haziko sawa. Iliyokaa imeshaanza kuingia utamu, na mtori mtamu haupendezi. Kwa hiyo naibonyeza, namenya moja kwanza, naionja mbichi. Mikono naipaka mafuta kabla ya kumenya, maana utomvu ukishakaukia kwenye vidole hautoki kwa sabuni. Kila ndizi ikimenywa inaingia majini, ikikaa kwenye hewa inakuwa nyeusi. Nyama ya mifupa ichemke peke yake mpaka ilegee, ndipo ndizi ziingie kwenye supu ileile. Kisha naponda kwa mwiko. Najua wengi wanasaga kwa mashine. Mimi sipendi, mtori unakuwa laini mno, na mdomo haupati cha kutafuta.

Ulipozaliwa, bibi yako alishuka kutoka mlimani akakaa nami, na mtori haukukosekana hata asubuhi moja. Nilipokuwa nikiunywa nilijua kuna mtu ameamka gizani akifikiria mwili wangu unataka nini. Tangu hapo nikitaka kumwambia mtu kwamba namjali, naanzia sufuriani.

Uliniambia pia maharage yako hapo Arusha yanachelewa kuiva kuliko ya dada yako Dar es Salaam, ukadhani umeuziwa ya zamani. Ya zamani nayo huchelewa, kweli, lakini kuna jambo jingine. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa haikandamizi maji kwa nguvu kama pwani, hivyo maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 95 badala ya 100 za pwani. Hata uongeze moto, maji ya sufuria ya kawaida hayapandi zaidi ya hapo; unamaliza gesi tu. Loweka usiku kucha, uwe na subira, au tumia sufuria ya presha. Mambo kama haya ndiyo yanayonifurahisha mimi! Mlima wenyewe umo ndani ya maharage yako.

Na mkate. Una jiko la mkaa, basi huhitaji oveni. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, chombo chenye unga uliokandwa juu yake, mfuniko, halafu makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Ukigeuza hesabu hiyo, chini kunaungua na katikati kubichi. Kuhusu unga, usifuate saa. Juni na Julai baridi huchelewesha hamira, Februari unga unaumuka ukiwa bado unatafuta mfuniko. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole, oka. Likirudi upesi, bado.

Sikulazimishi upike kila siku, una kazi na watoto. Ukiagiza chakula siku ya Jumatano hakuna dhambi. Ila chagua kimoja, mtori au mkate au hata chapati, ukipike mara nyingi mpaka ukijue. Usirukeruke mapishi mapya kila wiki.

Desemba mkija, pitieni Mbuyuni mchukue mshare mbichi kabisa, mkungu mzima. Hamira nunua mpya, ile ya kwako imekaa kabatini tangu Pasaka. Utakanda wewe, mimi nitakaa kwenye kigoda niangalie mikono yako.

Mama yako