Magoti Kwanza: Kwa Anayetaka Kuishi kwa Densi ya Tumbo Arusha na Moshi

Aliyezoea kukata mauno huingia kwenye densi ya tumbo akidhani nusu ya kazi ameshaimaliza. Kumbe ndiye atakayepata tabu. Kwenye unenguaji wa bendi mara nyingi mtu huinama na kubinua mgongo. Raqs sharqi, kama Wamisri wanavyoiita, inataka kifua juu, makalio yaliyolegea, na nyonga inayosukumwa na goti.

Ukitaka iwe ajira, anza na kufundisha. Hoteli za Arusha hujaa watalii Juni hadi Oktoba, ila masika yakifika meza zinabaki tupu. Darasa la kina mama la jioni halitegemei msimu, na hao hao ndio watakaokuita kwenye kitchen party, ambako hakuna wanaume na mchezaji hucheza kwa raha.

Somo la kwanza liwe mtetemo wa nyonga. Mwanafunzi ajifunge kanga chini ya kiuno, fundo likae ubavuni. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, visigino chini, magoti yakunjike kidogo. Anyooshe goti la kulia huku la kushoto likikunjika, abadilishe, polepole kabisa, dakika mbili bila kukimbia. Wewe tazama ncha za kanga. Zikipiga kulia na kushoto, yuko sawa. Zikiruka juu na chini pamoja na mabega, anarukaruka tu. Zikitulia baada ya sekunde ishirini, amekaza makalio: nyonga imejifunga, mapaja yanabeba kazi yote, na kesho atalalamika kiuno kinauma. Usimwambie aongeze nguvu. Mwambie apumue, alegeze makalio, arudi kwenye mwendo wa polepole. Asubuhi za Juni na Julai Arusha ni baridi kweli, hivyo pasheni misuli moto dakika kumi na tano kwanza.

Masikio yetu yana bahati, maana taarab imetuzoesha dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono. Fundisha midundo kwa mdomo kabla ya mwili, dum ikiwa pigo zito na tak pigo kali: maqsum ni dum-tak, tak-dum, tak, saidi ni dum-tak, dum-dum, tak. Ngoma ya fimbo huenda na saidi kwa sababu vyote vimetoka Misri ya Juu. Ukiichezea wimbo wowote tu, anayejua atakushangaa.

Kwenye kutunga, piga hesabu. Wimbo wa dakika tatu wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo 360, yaani mafungu 45 ya nane nane. Usitunge mafungu 45 tofauti. Wanafunzi watasahau na watazamaji hawatashika kitu. Kumi au kumi na mawili yanatosha, yarudi pale muziki wenyewe unaporudi.

Hotelini dakika kumi na tano zinafaa. Kwenye send-off ya Moshi saba zinatosha, na ziishe kabla ndafu haijaingia. Baada ya hapo hakuna atakayekutazama, na ana haki.

Ukumbi ufike mapema, uukague. Shela ya mita mbili na nusu ukiirusha chini ya pangaboi inanaswa, na inaweza kuvuta mkono wako. Omba lizimwe au uiache shela kwenye begi. Vigae vikiwa na maji ya soda, usizunguke. Nafasi ikiwa ni uchochoro kati ya meza, punguza hatua za kusafiri, cheza pale pale kwa nyonga na mikono. Kulabu za mkanda zishonwe mistari miwili, kisha pini mbili kila upande, kwa sababu mkanda hufunguka unapovuta pumzi kubwa, na pumzi kubwa huja mwishoni, wakati wa mtetemo mkali zaidi.

Suala la kutunzwa pesa lizungumze na MC mapema. Wageni wetu hupenda kumtunza msanii mwilini. Atangaze kwamba kuna kapu mbele ya bibi harusi. Nusu ya malipo ipokelewe kabla ya siku yenyewe, na usajili wako wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uwe sawa.

Muziki weka kwenye flashi mbili. Umeme ukikatika, usikimbilie nyuma ya pazia: sagat, vile visahani vya shaba vya kugonga, ziwe vidoleni tayari, endelea kugonga maqsum na kutembea taratibu katikati ya meza hadi jenereta iwake.