Maswali ya Wasomaji: Udongo wa Shamba Chini ya Theluji

SWALI: Mhariri, nasikia udongo wa shamba hutoa kabonidioksidi hata majira ya baridi kali. Ardhi ikishakuwa ngumu kama jiwe, gesi hiyo inatoka wapi?

JIBU: Inatoka kwa bakteria na kuvu wale wale wanaoozesha masalia ya mazao wakati wa joto. Maji ya udongoni hayagandi yote kwa mkupuo. Yale yaliyonata kwenye chembe za mfinyanzi hubaki majimaji hata nyuzi 5 chini ya sifuri, na ndani ya utando huo vijidudu huendelea kupumua, ingawa polepole.

Theluji ndiyo yenye neno la mwisho. Ikiwa mpya imejaa hewa, hivyo haipitishi joto kirahisi. Ikifika sentimita 30 au 40 kabla ardhi haijaganda, udongo hukaa karibu na nyuzi 0 hata hewa ya juu ikiwa 20 chini ya sifuri. Ikichelewa, baridi huzama ardhini. Kwa hiyo shamba lenye theluji haba ndilo lenye udongo wa baridi zaidi. Wengi hudhani kinyume.

Gesi hupenya theluji. Kinachoizuia ni tabaka la barafu, linalofanyika theluji inapoyeyuka mchana na kuganda tena usiku. Hapo gesi hujikusanya chini yake, kisha hutoka kwa wingi barafu ikiachia. Lakini si yote iliyokuwa akiba: kuganda huua baadhi ya vijidudu na kupasua mabonge ya udongo, na waliosalia hujilia sukari na protini za waliokufa. Udongo ukiwa umelowa chepechepe, oksijeni hupungua na oksidi ya nitrasi, gesi nyingine yenye naitrojeni, huzalishwa pia. Mbolea ya naitrojeni iliyobaki tangu vuli huiongeza.

SWALI: Nitapimaje gesi hiyo bila kuvuruga theluji?

JIBU: Usiifukue. Ukichimba, gesi iliyokuwamo hutoka ghafla na kipimo chako huwa cha uongo. Tega mirija myembamba mapema, kabla ya theluji: mmoja mdomo wake uwe juu kidogo ya udongo, mingine kila sentimita 10 kwenda juu. Vuta hewa kwa bomba la sindano, taratibu na kidogo tu. Ukivuta nyingi unanyonya hewa ya tabaka jingine. Pima pia msongamano wa theluji.

Tuseme theluji ni sentimita 30, msongamano kilo 250 kwa mita ya ujazo, gesi ni sehemu 800 kwa milioni chini na 420 juu. Hesabu ya mtawanyiko, yaani gesi kusambaa yenyewe kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo haba, hutoa mikromoli 0.5 hivi (mikromoli ni sehemu ya milioni ya moli, kipimo cha wingi wa gesi) kwa mita ya mraba kwa sekunde, yaani takriban gramu 2 za kabonidioksidi kwa mita ya mraba kwa siku. Hesabu hii haifai siku ya upepo mkali, kwa kuwa upepo huipepeta gesi kutoka kwenye theluji, wala palipo na tabaka la barafu katikati.

SWALI: Mabua niyalime au niyaache?

JIBU: Yaache wima, sentimita 20 au zaidi, hunasa theluji inayopeperushwa. Usitarajie gesi ipungue majira hayo, maana udongo usioganda hupumua zaidi. Anayefaidi ni ngano iliyopandwa vuli, ambayo shina lake la chini haliuawi na baridi.