Kwa mliokuja fildi, mafunzo ya vitendo ya tiba ya viungo: goti likikauka, yaani uvimbe ukiisha, msishangilie

Jumanne nimemsikia mmoja wenu akimwambia mgonjwa wa wiki ya tisa baada ya upasuaji wa ACL, ile ligamenti iliyo katikati ya goti inayozuia muundi usiteleze mbele, "Kama huumii, kimbia tu." Nikaweka kikombe chini. Maneno hayo niliyasema mimi mwaka wangu wa kwanza, tena kwa mbwembwe zaidi.

1. Goti bichi, lililoumia karibuni na kujaa damu, droo (kipimo cha kuvuta muundi mbele goti likiwa limekunjwa nyuzi 90) itawadanganya: halikunjiki hadi nyuzi 90 na mgonjwa amekaza misuli ya nyuma ya paja. Fanyeni Lachman, mvuto uleule goti likiwa limekunjwa kidogo tu. Anzeni na mguu usioumia, jamani, nimeshachoka kusema.

2. MCL si ACL. MCL, ligamenti ya upande wa ndani wa goti, iko nje ya chumba cha goti. Ikichanika, damu inaganda palepale, seli zinashika lile donge, kolajeni (protini ya nyuzi za ligamenti) ya aina ya III inawekwa haraka haraka, halafu miezi inavyokwenda aina ya I, iliyo imara zaidi, inachukua nafasi yake. ACL imezungukwa na ugiligili, donge linayeyuka kabla halijashika, ncha zinabaki zinatazamana kama wachumba waliogombana. Ndiyo maana tunapandikiza.

3. Grafti, yaani kano linalopandikizwa badala ya ACL. Hapa ndipo nilipoungua. Kijana, winga wa timu ya mchangani, kapandikizwa kano la nyuma ya paja. Wiki ya kumi goti kavu, linanyooka lote, anachuchumaa bila kukunja uso. Nikampangia koni, akate kona kulia na kushoto. Nikamrekodi kwa simu, nikawaringia wenzangu.

Nilisahau kwamba kano likishatolewa pajani halina damu tena. Seli zake nyingi hufa, mishipa mipya huingia taratibu, na kolajeni ya zamani huvunjwa kabla mpya haijajipanga. Katika miezi hiyo ya mwanzo grafti huwa dhaifu kuliko siku ilipofungwa. Na haiumi! Mgonjwa anajisikia vizuri wakati ndani kunabomolewa.

Wiki mbili baadaye akaja ameshika ukuta. "Dokta, limelia pa." Nikashika Lachman, mfupa ukanifuata mkononi bila kugota popote. Nikarudia, nikiomba niwe nimekosea. Daktari aliyempasua aliniuliza neno moja: "Wiki ngapi?" Mama yake, aliyeuza friji ya biashara kulipia upasuaji, alinishukuru kwa kumhudumia mwanaye. Ningependelea anitukane.

4. Mechi, si chini ya miezi tisa, na nguvu za miguu yote miwili zipimwe. Kalenda peke yake haichezi mpira.

5. Msuli wa mbele ya paja uamsheni mapema. Goti likivimba huwa unalala.

Yule wa wiki ya tisa kapangiwa kurudi Alhamisi, na leo jioni huenda yuko uwanjani. Faili lake liko mezani, namba ya simu iko ukurasa wa kwanza. Aliyemwambia akimbie ndiye atakayempigia.