Kabla ya Kufunga Kava Jipya la Cheni ya Taiming

Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikiongeza maji kwenye rejeta bila kuona tone hata moja chini ya gari, na kwa kuwa injini haikuchemka wala ekzosi haikutoa moshi mweupe, nilijiaminisha kwamba tatizo ni mfuniko wa rejeta uliolegea. Jawabu lilikuja asubuhi moja nilipochomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, na oili yenyewe imekuwa rojo lenye weupe.

Niliambiwa kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeungua. Mara nyingi jawabu hilo huwa sahihi, lakini kulikuwa na dalili nyingine ambayo nilikuwa nimeizoea hadi nikaacha kuisikia: kila injini ilipowashwa ikiwa baridi, ilitoa mlio wa kugongagonga kwa sekunde chache upande wa mbele, kisha ikatulia. Huko mbele, nyuma ya kava, ndiko iliko cheni ya taiming, inayounganisha krenki (mhimili mkuu wa injini) na kemshafti inayofungua valvu. Tenshena nyingi za cheni, yaani vifaa vya kuikaza, husukumwa na presha ya oili, kwa hiyo kabla presha haijapanda cheni huwa imelegea, na ikiwa reli za plastiki zinazoiongoza zimevunjika, hakuna kinachoizuia kuupiga ukuta wa kava. Kava ni la aluminiamu na cheni ni ya chuma kigumu. Katika injini ambazo njia ya maji kuelekea wota pampu imepita ndani ya kava hilo, cheni huchimba mfereji taratibu hadi ukuta unatoboka, na maji huanza kuingia kwenye oili bila kuonekana nje.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usinunue gasketi ya hedi wala kava kabla hujafungua tapeti kava (kifuniko cha juu ya valvu) na kumulika kwa tochi kule mbele, cheni inakoshukia. Mimi nilipomulika niliona reli moja haipo kabisa. Tangu nilipojua kwamba maji yamechanganyika na oili, gari halikuwashwa tena, hata kwa kulisogeza tu, kwa sababu beringi za krenki hutegemea utando mwembamba wa oili safi, na maji huuvunja utando huo.

Kosa kubwa katika kazi hii ni kulichukulia kava kama kifuniko kilichotoboka, kwamba ukileta jipya mambo yamekwisha. Kava halikujitoboa. Ukifunga jipya juu ya cheni iliyorefuka, tenshena iliyochoka na reli zilizovunjika, cheni itaanza kulila hilo jipya siku ileile. Badilisha vyote kwa pamoja: cheni, gia zake, tenshena, reli na sili ya mbele ya krenki (pete inayozuia oili isivuje). Wota pampu pia, ikiwa imefungwa juu ya kava, kwani kuirudia peke yake baadaye ni kufanya nusu ya kazi hii mara ya pili. Ukipata reli zenye mgongo wa chuma zinazolingana na injini yako, zichague hizo.

Kufungua hakuna ugumu mkubwa ila kunadai utaratibu. Weka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa kwenye mpigo wa mgandamizo kabla ya kulegeza chochote, kisha piga picha za alama za taiming. Chora umbo la kava kwenye kipande cha katoni na uchome kila bolti mahali pake, kwa sababu urefu wake hutofautiana, na bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi inaweza kupasua aluminiamu au kuharibu nyuzi za bloku. Bolti ya puli ya krenki huwa imekazwa sana. Watu wengine huilegeza kwa kuweka spana ndefu na kupiga stata, njia ambayo siikubali hata kidogo, kwani spana ikiponyoka inaweza kuvunja mkono. Tumia kifaa cha kuishikilia puli.

Kava likikataa kutoka, usilazimishe kwa bisibisi. Kuna bolti uliyoisahau. Wanaoifahamu injini ya Toyota 22R wanajua kwamba bolti moja inajificha mbele ya silinda hedi, chini ya oili inayotuama pale, na lazima oili hiyo ifyonzwe ndipo bolti ionekane. Injini nyingine zina maficho yao, na kitabu cha matengenezo cha injini husika ndicho kitakachokuonyesha.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonigharimu zaidi, yaani usafi. Nyuso zinazokutana na kava zinatakiwa zitoke zikiwa kavu, bila gasketi ya zamani wala mafuta, na bila mikwaruzo. Nilitumia kikwaruzio cha plastiki na kitambaa chenye dawa ya kuondoa grisi, na ilinichukua karibu siku nzima. Usitumie diski ya msasa ya kuzungushwa na mashine hata kama inaokoa saa tano: chembe zake huangukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), huvutwa na pampu ya oili na kufika kwenye beringi. Nilishusha sampu pia, na ndani ya chujio la mdomo wa pampu nikakuta vipande vya ile reli iliyopotea. Kama ningeviacha pale, vingeendelea kuinyima injini oili hata baada ya kava kubadilishwa.

Kabla ya kufunga, linganisha kava jipya na la zamani tundu kwa tundu, hakikisha pini za kulielekeza zipo, na ingiza sili mpya ikiwa imenyooka, ukiipaka mdomo wake oili kidogo. Funga cheni kwa kufuata viungo vyenye rangi na alama za gia, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma popote, simama. Huenda valvu zimekutana na pistoni. Baada ya mizunguko hiyo alama za gia zitarudi mahali pake, lakini viungo vyenye rangi havitalingana nazo tena, na hilo lisikutishe, kwani cheni ina viungo vingi na huchukua mizunguko mingi zaidi kurejea ilikoanzia.

Silikoni ya kuziba maungio ya kava inahitaji mkono mtulivu. Ufito wa unene wa milimita 3 hadi 4 unatosha, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, na kava lifungwe ndani ya dakika chache kabla silikoni haijaanza kushika ngozi. Ikizidi, hujikunja ndani na kukatika vipande vinavyoweza kuziba njia za oili. Palipo na gasketi, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu iwapo inataka silikoni au la. Mahali pa kuangalia kuliko pote ni pembe ambako kava, bloku na silinda hedi vinakutana, na zile za chini ambako kava na bloku vinakutana na sampu. Hapo weka tone la ziada. Kisha kaza bolti kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kidogo kidogo, kwa vipimo vya kitabu.

Mara ya kwanza nilifanya yote hayo vizuri, halafu nikamimina oili jioni ileile kwa kuwa nililihitaji gari kesho yake. Kwenye mrija wa silikoni ilikuwa imeandikwa wazi kwamba inakauka kwa saa 24. Oili ilijipenyeza kwenye pembe ya chini upande wa kulia, na baada ya wiki moja nilikuwa nimelivua kava lote upya na kurudia ile kazi ya kukwaruza. Mara ya pili niliiacha injini usiku mzima na mchana wake wote.

Baada ya kuwasha, iache injini ipate joto huku ukimulika pembe zile, kisha izime na umwage oili hiyo pamoja na kichujio chake hata kama ni mpya, kwa sababu mabaki ya maji yaliyojificha kwenye njia za oili yatakuwa yameingia humo. Mimi nilimwaga tena baada ya kilomita 500. Ile ya kwanza ilitoka na weupe kidogo. Hii ya pili ilitoka safi, na kiwango cha maji kwenye rejeta hakikuwa kimeshuka tena.